Kumbe Kiswahili kimo humu!

MAPEMA mwaka huu jirani yetu mmoja mjini Voi alifiwa na mumewe. Siku ya tatu ya matanga alinijia akiwa na daftari la shule. Ndani mlikuwa na kurasa nne alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe.

“Mwalimu,” akaniambia, “huu ni wasifu wa marehemu. Ninyooshee lugha kisha unipelekee ukachapishwe. Lakini uwe wa Kiswahili, tafadhali. Mimi ni Mkamba, yeye alikuwa Mtaita, na wakwe wa binti yetu wanatoka Siaya. Nataka kila atakayekuja aelewe mtu wangu alikuwa nani.”

Ombi la namna hiyo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulikataa. Nilikesha nikiandika. Nililiacha kila neno lake mahali pake, nikagusa vituo na tahajia tu. Asubuhi nikaitia kazi kwenye flashi, nikampelekea kijana wa saiba iliyo karibu na stendi apange kijitabu, atie picha, kisha atoe nakala 150.

Alasiri nikapita kuiona nakala ya kwanza kabla ya nyingine kutolewa. Namshukuru Mola kwa kunielekeza huko. Ukurasa wa pili ulisema hivi: “Alikuwa mule mwema aliyempenda sauna mkewe.”

Nilisoma mara mbili. Mjane alikuwa ameandika “mume mwema aliyempenda sana mkewe.” Sasa mume amegeuzwa mule, ambaye kwa Kiingereza ni nyumbu, mnyama azaliwaye kwa punda na farasi. Sana imekuwa sauna, chumba cha mvuke ambacho marehemu, nijuavyo mimi, hakuwahi kukanyaga. Kila “hata” ilikuwa imenyofolewa irabu ya mwisho ikawa kofia ya Kiingereza.

“Nani amefanya haya?” nikauliza.

“Ni mimi, mwalimu,” kijana akajibu, tena kwa fahari. “Kazi yako ilikuwa na makosa kibao. Ilikuwa nyekundu kote! Nimekurekebishia yote na sijakuchaji.”

Hakuwa akinifanyia mzaha. Programu ya uandishi katika mashine yake ilikuwa imewekwa katika Kiingereza, nayo ilikuwa imepiga mstari mwekundu chini ya kila neno ililolishuku. Kijana akaona nyekundu, akakumbuka kalamu za walimu wake, akapita neno kwa neno akiikubalia mashine pendekezo lake la kwanza. Pale ambapo mashine haikuwa na pendekezo, aliliacha neno kama lilivyo, na nadhani alinihurumia.

Alijaribu kurudi nyuma kwa Ctrl na Z. Wapi! Alikuwa ameshalifunga faili na kulifungua upya, na mashine haikumbuki ya jana. Bahati njema nakala yangu ya kwanza ilikuwa bado kwenye flashi. Tukaifungua, na ule wekundu ukatupokea kama vumbi la barabara ya Taveta. Nikamwomba ateue maandishi yote kisha aende penye orodha ya lugha. Akateremka, akateremka, akapita lugha ambazo mimi na yeye hatukuwahi kuzisikia zikizungumzwa, hadi akafika: Kiswahili, Kenya. Akabonyeza. Sehemu kubwa ya wekundu ikatoweka kwa pigo moja.

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Kumbe Kiswahili kimo humu!”

Usemi huo haujaniondoka. Kwa miaka mingi sisi wanaojiita wataalamu tumekaa katika makongamano tukijadili iwapo Kiswahili kinaweza kubeba teknolojia. Tumekunywa chai nyingi juu ya mjadala huo. Kumbe swali lenyewe lilishajibiwa zamani. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili tangu menyu hadi maelezo. Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake cha Windows na Office. Leo kivinjari cha Google, Facebook na programu nyingine nyingi zina Kiswahili ndani yake. Kimo. Kimekaa humo kama mgeni aliyepewa chumba cha uani na hakuna anayekwenda kumgongea mlango.

Kwa hivyo nadhani wakati umefika wa kukihakiki. Tumezoea kuhakiki riwaya na diwani, lakini maneno yanayosomwa na watu wengi zaidi siku hizi ni yale yaliyo juu ya vitufe. Yameandikwa na mtu, nayo yana uzuri na ubaya wake.

Nianze na huo mstari mwekundu. Mstari huo ni hukumu, na aliyehukumiwa mara kwa mara huishia kuamini kwamba ana hatia. Nimeketi na wanafunzi wa chuo wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili, ukurasa mzima ukiwa umewashwa taa nyekundu, wakaniambia bila kusita kwamba “Kiswahili ni kigumu kutaipu.” Hakuna aliyewaambia kwamba wanahukumiwa katika mahakama isiyoijua lugha ya mshtakiwa.

Tazama maneno ambayo mahakama hiyo huyaachilia. Katika ukurasa wa Kiswahili uliokaguliwa kwa Kiingereza, maneno yanayonusurika ni yale yanayofanana kwa sadfa na ya Kiingereza: pale, wake, mate, kale, pole. Mengine yote yana makosa. Siku niliyoligundua hilo nilicheka peke yangu ofisini. Mashine ilikuwa imenikataza kila kitu, ikaniachia pole.

Lakini hata tukichagua Kiswahili katika orodha, matatizo hayaishi. Wakaguzi wengi wa tahajia hufanya kazi kwa kulinganisha neno lako na orodha ya maneno. Kwa Kiingereza njia hiyo inatosha, kwa sababu kitenzi cha kawaida kina maumbo manne tu. Sasa chukua kitenzi chetu andika. Nafsi sita kwa njeo nne, li, na, ta na me, tayari ni maumbo 24. Fanya andikia, uingize mtendewa, ni, ku, m, tu au wa, na maumbo 24 yanakuwa 120, ukitoa machache yasiyowezekana. Na hapo bado hatujagusa ukanushi, wala ngeli nyingine, wala kirejeshi. Mtu akiandika nitakapokuandikia, mashine ya orodha huduwaa. Neno hilo ni sentensi nzima iliyokunjwa: ni-ta-ka-po-ku-andik-i-a.

Dawa ya hilo inajulikana. Mashine ifundishwe kanuni za kuunda neno badala ya kukaririshwa maneno. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitengeneza mfumo wa namna hiyo, ukaitwa SALAMA, unaochambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Naona fahari kwamba jina lenyewe ni letu. Naona haya kidogo kwamba kazi hiyo ilifanywa Ufini, ilhali sisi huwafundisha wanafunzi uchanganuzi ule ule kila muhula, wakapita mtihani, wakausahau.

Turudi saibani. Siku chache baada ya mazishi kijana alinipigia simu. “Mwalimu, nimeigeuza mashine moja yote iwe Kiswahili, hadi menyu. Hebu kuja uone maajabu.” Nilikwenda. Tuliketi bega kwa bega tukisoma kitufe baada ya kitufe, na nakiri kwamba sijapata saa tamu kama ile kwa muda mrefu.

Kitufe cha kwanza kilikuwa Hifadhi. Saibani kwake husema kusevu, na wateja huulizana, “Umesevu?” Lakini hifadhi alilielewa papo hapo. Neno hili tumelitoa katika Kiarabu, na pwani, mtoto akisemwa amehifadhi juzuu, maana yake ameiweka kifuani, anaweza kuitoa wakati wowote bila kupungua herufi. Ndivyo tunavyotaka mashine iifanye kazi yetu. Aliyelichagua neno hilo hakuhangaika na okoa, ambalo lingetufanya tudhani kwamba faili limo majini linazama. Alichagua neno lenye maana ya kutunza na ya kukumbuka kwa pamoja.

Cha pili kilikuwa Pakua. Kijana akacheka. “Hii si ya chakula?” Ndiyo, ya chakula, na ya chombo bandarini. Shehena hupakiwa chomboni, ikapakuliwa gatini. Wali hupakuliwa chunguni ukatiwa sahanini. Kule mtandaoni kuna chungu kikubwa cha watu wote, nawe unachota sehemu yako ukaiweka katika sahani yako. Na ukipeleka kitu chako huko, unapakia. Maneno mawili, mzizi mmoja, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukisia lipi ni lipi. Nani atasema kwamba kudaunilodi ni rahisi kuliko hilo?

Cha tatu ndicho kilichotushika: Tendua.

“Mwalimu, tendua si ile ya darasani? Kauli ya kutendua?”

“Ndiyo hiyo hiyo.”

Wapenzi wa Kiswahili watakumbuka orodha tulizokaririshwa: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua, choma, chomoa, bandika, bandua. Lugha yetu ina kiungo kidogo, u au o, ambacho kikitiwa katika kitenzi hulirudisha tendo lilikotoka. Wengi tuliiona kauli hiyo kama mtego wa mtihani. Lakini kifikirie kitufe kile ambacho kila anayetumia kompyuta hukikimbilia moyo ukiwa mdomoni: umefuta aya nzima kwa kidole kilichoteleza, umebonyeza pasipo pake. Unachotaka ni kutenda kuwe si kutenda. Kiswahili kilikuwa na nyenzo ya kusema hivyo karne nyingi kabla ya kompyuta kuzaliwa. Mtafsiri hakuhitaji kubuni chochote. Alichukua jina la kauli yenyewe akalibandika juu ya kitufe.

Mwanasayansi Mmarekani Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020, anakumbukwa kwa kazi yake ya miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox huko California, iliyotupa kata, nakili na bandika kama tunavyozitumia leo. Alitaka mtu wa kawaida aweze kuhariri maandishi bila kufundishwa sheria ngumu. Nadhani angelipenda bandika letu. Ni neno la mtu aliyeshika gundi na karatasi, au plasta na kidonda, au sufuria na jiko. Kijana wangu akauliza kwa nini basi hakuna kitufe cha Bandua. Sikuwa na jibu.

Sasa niyataje na yaliyonikera, maana sifa tupu si uhakiki.

La kwanza ni mapenzi yetu ya maneno mazito. Shuleni hapa Kenya mtoto anafundishwa tarakilishi na kipakatalishi. Mimi mwenyewe hulitumia hili la pili, kwa sababu ndani yake mna pakata, na ni kweli kifaa hicho hupakatwa kama mtoto. Lakini tumeliunganisha na mkia wa tarakilishi hadi limekuwa neno la silabi sita, na hakuna mfanyabiashara wa Luthuli Avenue atakayelitamka mara mbili kwa siku. Ng’ambo ya mpaka, Tanzania, wanasema kompyuta na maisha yanaendelea. Walipata kuletewa pia ngamizi, neno ambalo kila nilisikiapo nakumbuka kuangamiza, na baada ya mkasa wa wasifu ule sioni kama liko mbali sana na ukweli. Kwa kibodi kuna wanaosema baobonye, wengine kicharazio. Kwa kipanya kuna puku na kiteuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakua halikuhitaji semina. Mtandao halikuhitaji semina. Tujiulize ni kwa nini mengine tunayachuuza mwaka hadi mwaka na hayanunuliki.

La pili ni kero la ngeli, na hapa wa kulaumiwa ni waundaji wa programu. Kwa kawaida wao hutunga sentensi yenye pengo, kisha jina la kitu hutumbukizwa katika pengo hilo. Kwa Kiingereza haidhuru, kwa kuwa kitenzi chao hakijali kama kilichofutwa ni kitabu, picha au mtu. Kiswahili kinajali. Pengo likijazwa picha, tunasoma “picha imefutwa,” na ni sawa. Likijazwa kitabu, tunasoma “kitabu imefutwa.” Likijazwa mgeni, “mgeni imeongezwa.” Mtoto wangu akisema hivyo nitamrekebisha mezani. Mashine inasema hivyo mbele ya watu wengi kila siku na hakuna wa kuirekebisha.

Umoja na wingi nao una mikasa yake. Nimewahi kuambiwa na programu kwamba “dakika 1 zimesalia.” Kosa hilo halina udhuru, kwa sababu kanuni za Unicode zinazotumiwa na waundaji zinatambua kwamba Kiswahili kina umbo la moja na umbo la nyingi, na mahali pa kuyaweka yote mawili pametengwa. Mtu hakujisumbua tu. Lakini mahali pa kuweka ngeli mara nyingi hapatengwi.

Je, tungoje hadi patengwe? La. Mtafsiri mwenye sikio anaweza kulikwepa shimo hilo. Badala ya kukifanya kitu kiwe kiima, amfanye mtumiaji kiima. “Umefuta: kitabu.” “Umefuta: picha.” “Umeongeza: mgeni.” Nafsi ya pili haibadiliki kwa ajili ya ngeli. Sentensi ni fupi, ni sahihi, na zaidi ya hayo inamwambia mtu ukweli kwamba ni yeye aliyefuta. Hila kama hiyo haipatikani katika kamusi. Humjia mtu aliyekaa mbele ya mashine akaona pengo likijaa.

La tatu ni saa. Kwa Mswahili, saa za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na saa tatu asubuhi ni saa tatu baada ya hapo. Programu zilizotafsiriwa hutuandikia “9:00 asubuhi” na kutuachia kazi ya kuhesabu. Sisi Wakenya tumezoea kusoma tarakimu moja na kutamka nyingine, hata hatuoni tena kwamba ni kioja. Lakini mashine ikiandika “saa 3:00 asubuhi” ikimaanisha alfajiri, mtu atakuja saa sita baadaye akijiona amewahi. Mimi nilichelewa kikao kimoja kwa njia hiyo, na mwenyekiti hakutaka kusikia habari za isimu. Sijui mtu yeyote ambaye angeumia programu ikituwekea chaguo dogo: onyesha saa ya Kiswahili.

La nne ni lugha ya maafa. Kompyuta ikiharibika, hutangaza kwamba “hitilafu imetokea.” Imetokea wapi? Imeletwa na nani? Nifanye nini? Saibani hakuna anayesema hivyo. Wanasema imekwama, imehengi, imegoma, faili halifunguki, printa haitaki. Kauli hizo ni wazi, na moja wapo, halifunguki, hutumia kauli ya kutendeka kwa ustadi ambao mtahini angeutunuku alama: mlango upo, mkono upo, kufunguka ndiko kusikokuwapo. Kama mtafsiri angekaa na kijana wangu kwa siku moja, angeandika, “Faili halifunguki. Jaribu tena au chagua jingine.”

Hapo ndipo ninapolifikia lalama langu kuu, nalo linatuhusu sisi. Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Shirika la UNESCO limekitengea tarehe 7 Julai kila mwaka, na siku hiyo sisi huvaa kanga na kanzu tukahutubia. Halafu tunarudi ofisini na kufungua mashine ambayo haijawahi kuulizwa kama inajua Kiswahili. Ratiba ya sherehe zenyewe huandikwa ikiwa imewashwa nyekundu tangu salamu hadi shukrani.

Sisemi kila mtu ageuze menyu zake leo. Mimi mwenyewe nilipogeuza zangu nilipotea kwa siku mbili, nikawa natafuta mahali pa kuchapishia kama mtu aliyehamishiwa vyombo vya jikoni. Inachosha. Lakini kuna jambo moja jepesi ambalo halimgharimu mtu kitu: kabla ya kuandika kwa Kiswahili, iambie mashine kwamba unaandika kwa Kiswahili. Walimu wawafundishe wanafunzi hilo kabla ya kuwafundisha neno tarakilishi. Na mashine ikikosea ngeli, tuwaandikie waliokosea. Programu nyingi za huria hupokea tafsiri na masahihisho kutoka kwa yeyote. LibreOffice, kwa mfano, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayoweza kukuzwa. Mwanafunzi mmoja wa isimu akitenga likizo moja kwa kazi hiyo atakuwa ameitendea lugha jema kuliko makala kumi za kulalamika, hii ikiwemo.

Siku ya mazishi wasifu ulisomwa na mjukuu wa kike wa marehemu. Alipofika pale penye “mume mwema aliyempenda sana mkewe,” akakwama kidogo, akameza mate, akaendelea. Bibi yake alikuwa ameketi mbele ameinamisha kichwa. Nilimwona akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesema ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Wakwe kutoka Siaya nao wakatikisa.

Nilimtazama kijana wa saiba aliyekuwa amesimama nyuma karibu na hema. Alikuja kwa hiari yake. Naye alikuwa akiifuata nakala yake kwa kidole, mstari kwa mstari, akikagua.

Wiki jana nilipita kwake kuchapisha karatasi za mtihani. Ukutani juu ya mashine zake amebandika kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa za wino wa buluu: KAMA NI KISWAHILI, TUBADILISHE LUGHA KWANZA.

Nikamwambia asije akakibandua.